Ubeti wa Mvua

Geita,
12 Oktoba 1998

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Nakuamkia wewe na Mama kwa pamoja, nikimwomba Mungu karatasi hii iwakute mmeamka vizuri, mgongo wa Mama umepunguza ukali wake, na wewe kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Sisi huku tunaendelea. Kulwa na Doto ni wazima, wameng'oka meno ya mbele wiki moja, utadhani walikubaliana, na sasa wakiomba uji inabidi mtu awaangalie midomo ndipo awaelewe. Baba yao yuko safarini na lori la pamba, aliacha salamu zenu kabla hajaondoka. Mvua inatutania tu. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, halafu yanaenda zao Sengerema.

Najua umekaa muda mrefu bila kupata neno langu. Labda Mama amekwambia kwamba shule imenibana, maana ndivyo nilivyomtumia salamu. Shule haijanibana. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini. Wewe unanijua tangu utoto: nikiwa na jambo zuri naingia mbio kulisema hata viatu sijavua, nikiwa na baya naenda kufagia uwanja bila kutumwa. Tangu Agosti nimefagia sana, Baba.

Wiki iliyopita nilipata barua ya mdogo wangu Mageni. Ameniandikia kwamba siku hizi huombei chakula, unamwachia Mama. Ameandika kwamba ulipotokea msiba kwa jirani walikuja kukuomba uimbishe makaburini kama kawaida, ukawajibu kuwa kichwa chako kimeanza kukuacha, watafute mwingine. Anasema unamwuliza kama ng'ombe wote wamerudi zizini, na baada ya muda unamwuliza tena, halafu unamwomba radhi mtoto wako wa kumzaa kwa kumwuliza. Mwisho kabisa akaniambia kwamba umemwita kaka Nkwabi, ukamtaka aitishe kikao cha ukoo Jumamosi ijayo, ili umkabidhi ng'ombe, mashamba na usemaji wa nyumba wakati ungali unajua unachosema. Mageni ameliandika hivyo hivyo, kwamba ni maneno yako: wakati ungali unajua unachosema. Nilisoma barua hiyo katika ofisi ya walimu. Nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya vyoo vya shule mpaka kengele ilipolia.

Ndiyo sababu sikuthubutu kuiamini posta. Anayekuletea ni Mwanaima, jirani yangu anayeuza vitenge. Anakuja Shinyanga kuchukua mzigo wake, na ameniahidi kufika mpaka hapo nyumbani Kolandoto, akukabidhi mkononi. Tafadhali mkaribisheni, ni mtu mwema na amejitolea bila kuniuliza kulikoni. Nakuomba uisome mwenyewe, hadi mwisho, kabla ya hiyo Jumamosi. Tena nakuomba jambo ambalo kwako ni gumu. Usinisamehe kabla hujamaliza kusoma. Mtu akianza tu kusema kwamba amekosa, wewe umeshamshika mkono, umeshamwita mwanangu, na yeye anaondoka na nusu ya maneno yake tumboni. Safari hii niache niyatoe yote.

Unakumbuka projekta ilivyofika kanisani kwetu. Wale wageni wa ng'ambo waliiacha katika sanduku lake la bati, pamoja na taa ya akiba, na wazee wa kanisa wakagombana juu yake muda mrefu kuliko walivyogombana juu ya paa. Wengine walisema ni televisheni, kwamba leo tutaona nyimbo na kesho tutaona sinema pale madhabahuni. Wewe ndiye uliyesimama ukawaambia kwamba taa ni taa, na kwamba mtu aliyekaa benchi la mwisho bila kitabu naye ana haki ya kuyaona maneno anayomwimbia Mungu. Kisha ukasema kuwa Noela ni mwalimu, mwandiko wake unasomeka hata na mwenye haraka, apewe yeye. Kazi ile niliipata kwa kinywa chako.

Jumapili ya kwanza niliweka ile plastiki yenye maneno ya wimbo juu chini, na kanisa zima likainamisha shingo upande mmoja, hadi Mchungaji Mwigulu naye akainamisha yake. Jumapili iliyofuata inzi akatua juu ya kioo cha mashine, akatokea ukutani mkubwa kama mbuzi, anajipangusa miguu. Watoto wakapiga kelele, na wewe ukacheka mpaka ukatoa leso. Nilitamani ardhi inimeze. Ulipokuja kunisaidia kukunja waya uliniambia kwamba hata mwimbishaji wa kwanza duniani lazima aliwahi kuanza wimbo juu mno.

Pole pole niliizoea. Watu wanadhani ni kuweka na kutoa, lakini ina adabu yake. Wakati watu wanaimba ubeti mmoja, unaofuata lazima uwe umeshakaa chini ya mkono. Unautelezesha neno la mwisho likiwa bado midomoni mwao, si kabla, wala si baada, ili ukuta usibaki na ule mwanga mtupu unaowafanya watu wapapase na kukohoa. Nilijifunza kuweka kipande cha karatasi chini ya vidole, maana jasho lilikuwa linafuta wino na kuacha wimbo una mashimo. Nilijifunza kusikia jenereta linapotaka kukohoa, nikasogeza taa ya mkono mapema. Januari, mwalimu wa kwaya, yule wa tai nyekundu, akaanza kusema mbele za watu kwamba ibada yetu siku hizi inateleza kama maji. Nilizipenda sifa hizo, sikufichi. Darasani nina watoto tisini, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu changu kinateleza.

Wewe uliendelea na kazi yako kama zamani. Ulisimama mbele, uso kwa watu na mgongo kwa ukuta, ukautangulizia kila mstari kwa sauti kabla watu hawajauimba, kama ulivyofanya miaka ile ambapo kanisa zima lilikuwa na vitabu vya nyimbo vichache vya kuhesabika. Kina mama wa mabenchi ya kushoto wasiojua kusoma walikufuata wewe. Wachimbaji waliokuja moja kwa moja kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, macho yamejaa vumbi la mawe, nao walikufuata wewe. Vijana na wafanyakazi wa ofisi walisoma ukuta. Kanisa likawa na viongozi wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma ya mashine, na wewe ulikuwa huwezi kuona nilichoweka kwa sababu kilikuwa mgongoni kwako.

Ndiyo maana tukawa na ule utaratibu wetu wa Jumamosi. Plastiki zilikuwa adimu. Geita nzima hazikuwepo, zilipatikana kwa Anar tu, yule mama mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Shinyanga mjini, na kila ulipokwenda nyumbani Kolandoto ulinirudia nazo Geita zimefungwa katika gazeti, umezipakata njia nzima zisikunjike. Zikikaribia kwisha nilikuwa nafupisha nyimbo, wimbo wa beti sita nauandika beti nne. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni nilikuja barazani kwako, nakaa kwenye kigoda, nakwambia beti zipi zimo na zipi hazimo, na wewe unaitikia kwa kila mmoja. Ukishaitikia, ilikuwa imetosha. Sikuwahi kukuona ukikosea hata mara moja. Aliyewahi kukosea ni mimi, kwa kusahau kukutajia, na ulipotangulizia ubeti ambao sikuuandika nilizima taa tu. Ukuta ukawa giza, watu wakakugeukia wewe, wimbo ukamalizika salama, na waliokuwepo walidhani ndivyo ilivyopangwa. Nakukumbusha hilo ili ujue kwamba dawa yake niliijua.

Sasa nije kwenye Jumapili ya Mavuno, ile ya Agosti. Alhamisi yake Mchungaji alituita mimi na Januari. Alituambia kwamba Askofu angekuwepo, na kwamba alipaswa kuwahi kivuko cha Busisi mchana, hivyo kila kitu kipunguzwe. Katika wimbo wa mavuno aliagiza turuke ubeti wa tatu na wa tano. Akanigeukia mimi, akasema nikuarifu Jumamosi kama kawaida yetu.

Kilichotokea kanisani unakijua, ingawa nadhani umekirudia kichwani mpaka kimepoteza sura yake. Nitakieleza nilivyokiona nikiwa nyuma. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Magunia ya mpunga na mahindi yalikuwa yamepangwa mbele, kuku wamefungwa miguu, na mbuzi mmoja wa sadaka hakutaka kabisa kunyamaza. Ulivaa lile koti lako la kaki. Ubeti wa kwanza na wa pili ulikwenda vizuri, kushoto na kulia wakiimba kwa nguvu. Kisha ukautangulizia ubeti wa tatu, ule wa mvua, ambao siku zote ulisema ndio moyo wa wimbo. Watu wakaimba wa nne. Ukarudia mstari wako kwa sauti kubwa zaidi, ukidhani hawakukusikia. Kina mama wa kushoto wakaanza na wewe, wakasikia wenzao wako kwingine, wakanyamaza mmoja mmoja. Kwaya ikakufunika. Vijana wa upande wa dirishani wakacheka. Ulipogeuka hatimaye kutazama ukuta, palikuwa tayari na ubeti wa sita. Ukashika paji la uso, ukatafuta kiti kwa mkono kabla ya kukiona, ukakaa. Wimbo uliisha wewe umekaa.

Wiki ile ile baraza la wazee likakaa. Mchungaji aliniuliza mbele yako kama nilikuarifu juu ya beti zilizorukwa. Nilijibu kwamba nilikuarifu. Nilisema kuwa nilikuja Jumamosi jioni, Mama akiwa kwenye maandalizi ya mavuno na wenzake, nikakukuta unachonga mpini wa jembe, nikakutajia beti mbili, ukaitikia. Wazee wakakuangalia. Ukasema kwamba hukumbuki, lakini kama Noela anasema alikuja basi alikuja. Hakuna aliyekukasirikia. Afadhali wangekasirika. Walikusemesha kwa upole, kama mtu anavyosemeshwa mgonjwa, wakakushukuru kwa utumishi wako, wakakuvisha blanketi la heshima, na wakasema umefika wakati wa kupumzika.

Tulirudi pamoja kwa miguu siku hiyo. Pale karibu na mashine ya kusaga ulisimama, ukanishika bega, ukaniuliza taratibu kama kweli nilikuja Jumamosi ile. Ulisema huniulizi kwa kunishuku, unataka tu kujua hali yako. Nikakujibu kwamba nilikuja, Baba, tena nilikaa kwenye kigoda. Ukatikisa kichwa. Tulipofika mlangoni ukaniambia kwamba sasa unadhani unaanza kukumbuka, kwamba mpini ule unaukumbuka, na mti wake ulikuwa mgumu.

Jumamosi ile sikuja.

Sikuja barazani, sikukaa kwenye kigoda, sikukutajia ubeti wowote. Mpini wa jembe niliutunga mimi, kwa sababu niliona uongo wenye kitu cha kushikika unaaminika zaidi. Ulipoanza kuukumbuka mpini ambao haukuwepo, ndipo nilipojua nimekufanyia nini. Nilitakiwa kusema pale pale mlangoni. Badala yake nilikuaga nikaenda kuwapikia watoto.

Utauliza kwa nini sikuja. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikawaza kwamba ungekataa, ungesema kuwa mavuno bila ubeti wa mvua ni kumshukuru Mungu nusu nusu, ungemfuata Mchungaji, na Mchungaji angekusikiliza kama alivyokusikiliza siku zote. Nikaona uvivu wa hayo mabishano. Nikajiambia kwamba nitakuarifu asubuhi. Asubuhi nikakuona umesimama mlangoni mwa kanisa na lile koti, unapokea wageni, nikapitia mlango wa pembeni na sanduku la mashine. Mpaka hapo ungeweza kusema ni uzembe tu wa binti yako. Ningependa niishie hapo, lakini bado kuna jingine, nalo ndilo lililonikalisha siku zote hizi bila kuandika.

Ulipoutangulizia ubeti wa mvua, plastiki yake nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeandika beti zote sita kabla Mchungaji hajatuita, maana safari hiyo plastiki zilitosha, zile zile ulizoniletea wewe. Ilikuwa chini ya kiganja changu cha kushoto. Na swichi ya taa ilikuwa hapo hapo. Ningeweza kuweka ubeti wako, au ningeweza kuzima taa, na watu wangekufuata kama walivyokufuata siku nyingine. Askofu asingekikosa kivuko kwa sababu ya ubeti mmoja. Nilipata muda wa kufikiri, Baba. Uliurudia mstari wako mara ya pili, na wakati unaurudia mimi nilikuwa nafikiri.

Nilikuonea haya. Sina namna ya kulisema hili kwa adabu. Nililionea haya koti lako. Niliionea haya ile namna yako ya kuita mistari kama mtu anayeita ng'ombe watoke kwenye shamba la watu, na Kisukuma kinachosikika katika kila neno lako la Kiswahili, mbele ya wageni waliotoka mjini. Askofu alikuwa anautazama ukuta wangu, na Januari alikuwa ananitazama mimi. Nikaacha taa iwake. Niliwasikia wakicheka, niliwaona kina mama wakinyamaza, na mkono wangu ukaendelea kuweka plastiki moja baada ya nyingine kwa wakati wake, bila kukosea hata mara moja. Sijawahi kuifanya kazi ile vizuri kama siku hiyo. Baada ya ibada Januari alikuja kunipongeza, nami nikamshukuru.

Tangu mlipoondoka Geita kurudi Kolandoto, mambo kanisani yanateleza kweli kweli. Tunamaliza mapema. Kina mama wa kushoto wanakaa, wanafungua na kufumba midomo, wengine wamehamia mabenchi ya nyuma karibu na mlango. Bernadina, yule anayeuza mihogo sokoni, alinishika mkono Jumapili moja akauliza kama Mzee Ngassa anapata nafuu. Nikamwambia unaendelea. Akasema anakuombea kila siku akili zako zirudi, na akanipa fungu la mihogo nikuletee. Mihogo hiyo sikuileta. Tuliila, na watoto waliisifu.

Baada ya barua ya Mageni nilimwendea Mchungaji, nikamweleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe. Alivua miwani, akaipangusa. Kisha akaniambia kwamba amesikitika, lakini wewe umepumzishwa kwa heshima, watu wameshazoea, Askofu aliondoka ameridhika, na kwamba kulifungua upya jambo hili kutaliumiza kanisa zaidi ya kuliponya. Alinishauri tuliweke katika maombi. Nikamjibu kwamba wewe huko nyumbani unajiona mtu anayepotewa na akili, na kwamba maombi yangu hayawezi kukwambia ukweli nisipokwambia mimi. Nikamwarifu kuwa Jumapili ya kwanza nitakayokuwa kanisani baada ya kikao chenu, wakati wa matangazo, nitasimama niseme mbele ya watu wote. Akaniambia hawezi kunizuia, ila mashine itabidi aishike mtu mwingine. Ufunguo wa sanduku nilikuwa nao mfukoni. Niliuweka juu ya meza yake, nikaaga.

Kwa hiyo nakusihi, Baba, kuhusu Jumamosi. Kama umechoka na ng'ombe na unataka kumkabidhi Nkwabi kwa sababu ni mkubwa na anajua kazi, mkabidhi, ni haki yako. Lakini usiketi mbele ya ukoo kama mtu anayeharakisha kuaga kabla giza halijamwingia kichwani. Uliambiwa umesahau, ukajitafuta ndani hukuona kitu, ukaogopa. Hukusahau. Hapakuwa na kitu cha kukumbuka. Kuuliza mara mbili kama ng'ombe wamerudi, ulikuwa unauliza hivyo hata nilipokuwa mtoto, na Mama alikuwa anakucheka kwa hilo. Kuombea chakula unajua. Kuimbisha unajua. Aliyewaambia watu vinginevyo ni mimi, na waliniamini kwa sababu ni binti yako.

Mpe Nkwabi barua hii aisome mbele ya kikao, yote, na jina langu asilifiche. Najua atakasirika. Mwache akasirike. Mama naye naomba ajue kutoka kwako, maana mimi siwezi kumwandikia mara ya pili maneno haya. Kama atalia mwambie kwamba nami nimelia, ingawa najua kilio changu hakimsaidii mtu.

Mwanaima atakukabidhi pia sukari, majani ya chai na betri za redio. Tafadhali usimwambie Mageni avirudishe, vimenunuliwa kwa ajili yenu na havina kosa. Nisalimieni wote hapo nyumbani, Mageni, Nkwabi na mkewe na watoto, na majirani wanaoniulizia. Kulwa na Doto wanawaamkia shikamoo. Doto anataka kujua lini Babu atarudi. Nimemwambia sijui, na hilo angalau ni kweli.

Sikuombi uniite mayu, mama yako, kama zamani. Nataka kuja Jumamosi, nisimame mwenyewe mbele ya kikao, lakini sitakanyaga uwanja wako bila ruhusa yako. Mwanaima atalala Kolandoto kwa ndugu zake, kisha atarudi kwako asubuhi kukuaga. Ukitaka nije, mtume na neno moja tu. Akirudi bila neno, nitajua umesoma mpaka mwisho, na kwamba nisije.

Ni mimi binti yako,
Noela